Fimbo ya Abdalla na Jua la Jumamosi

Rukia alipotoka eda alinipigia simu asubuhi, nami nikiwa nazunguka nyumba nzima kutafuta miwani iliyokuwa usoni pangu. "Shemeji," akasema, "marehemu alikuachia neno na kitu. Neno kwanza, kitu baadaye. Njoo Homa Bay Jumapili." Nikasema nitakuja, wala sikuuliza ni neno gani. Mwenye kosa lake haulizi sana. Abdalla, mume wake, alikuwa rafiki yangu kwa karibu miaka thelathini, na siku aliyofariki nilitoka Migori mbio nikakuta wenzake wameshamzika, maana wao hawacheleweshi maziko. Nilisimama kando ya udongo mbichi nikamwambia moyoni jambo nililomficha tangu ujanani. Lakini kusema moyoni ni ujanja wa waoga. Husikiwi, huulizwi, unarudi nyumbani unakula.

Wengine wakikumbuka ujana wao huanza na babu zao. Babu zangu waniwie radhi, mimi naanza na chumba. Kilikuwa nyuma ya maduka ya soko la Migori, kuta zake zimepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe iliyochoka kutoka hapo kwenda juu, na katikati kulikuwa na meza moja ya pool iliyoletwa ikiwa mitumba, mguu wake mmoja ukiwa umetegemezwa kwa karatasi za boksi. Mwenye chumba alikuwa Mama Risper, mwanamke wa sauti nzito aliyekuwa akija saa nne na kuondoka saa kumi. Mwaka wa tisini na sita alinikabidhi funguo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona meneja. Nilikuwa napanga mipira, nagawa chaki, na kuamua nani kagusa mpira kwa mkono wa shati. Wateja walikuja kila mmoja na uchafu wake. Wachimba dhahabu wa Masara walikuja na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, wauza samaki wa Sori walikuja na mafuta ya samaki kwenye vidole, na madereva wa malori ya Isebania walikuja na kelele. "Yawa, hii meza iko na uchawi!" walikuwa wakilia kila mpira ulipokataa kuingia, na mimi nawajibu kwamba meza haina shida, shida ni mkono.

Neno hilo nilikuwa nalisema kila siku kwa mzaha. Lingekuwa limeishia kwenye mzaha, nisingekuwa naandika haya.

Abdalla alikuwa fundi wa saa. Alikaa kwenye baraza iliyotazamana na mlango wetu, mbele yake sanduku la kioo lililojaa saa za watu, kioo kidogo cheusi kimebanwa kwenye jicho la kulia. Mtu wa Mombasa, aliyekuja Migori kwa mjomba wake mwenye duka la vitambaa, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wote tujione tunatafuna mawe. Mimi nikisema "hii mkono yako iko sawa," yeye anajibu, "Huu, ndugu yangu, huu mkono wangu. Waswahili tumewakosea nini nyinyi?" Na mkono wenyewe, lo! Niliwahi kumwona akiokota skrubu ndogo kuliko mbegu ya wimbi, kwa kibano, kutoka kwenye ufa wa ubao, huku lori linapita na sanduku zima linatikisika. Mkono haukutikisika. Saa saba alikuwa akifunga sanduku lake, anaswali, anakula, halafu anavuka barabara kuja kucheza, na mchana huo hata wenye mdomo mkubwa walikuwa wakinyamaza wamtazame.

Fimbo yake ilikuwa ya vipande viwili vya kuunganisha kwa skrubu. Kile kinene cha kushikia hakukijali sana. Kile chembamba cha mbele, kinachoteleza juu ya vidole na kugonga mpira, yeye alikiita mti, na mti huo aliutunza kuliko viatu vyake. Akimaliza kucheza huchukua kitambaa cha pamba, hukichovya maji, hukikamua. "Kamua mpaka kitambaa kikatae," aliniambia mara ya kwanza. "Kikitoa tone moja tu, hicho si kitambaa, hicho ni mvua." Kisha anafuta kwa urefu, kufuata nyuzi za mti, mpaka ule ubluu wa chaki uhamie kwenye kitambaa. Papo hapo anakausha kwa kitambaa kingine. Kisha anatoa kipande cha ngozi laini, kile kile cha kufutia vioo vya saa, anausugua mti haraka haraka mpaka unapata joto na kuteleza. Siku moja nilimletea msasa nikidhani namsaidia. Alinitazama kana kwamba nimeleta nyoka. "Msasa unakula mti, Owuor. Kila ukipiga umeupunguza, na haurudi." Mwisho anautia kwenye kipande cha bomba la maji, huku kimezibwa kwa gunzi na huku kwa kitambaa, na bomba analilaza. Hilo la kulaza ndilo alilosisitiza kuliko yote. "Mti una mwili kama wewe. Ukiuegemeza ukutani unachoka, na ukichoka unapinda. Laza, usiegemeze." Nami nikaitikia kama mwanafunzi, laza, usiegemeze, nikidhani nimeelewa.

Wakati huo nilikuwa naishi kwa waya, shangazi yangu, Msabato wa kweli kweli. Nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa na ukuta wa mabati upande wa magharibi, na Ijumaa alasiri ukuta huo ndio uliokuwa na kazi kubwa kuliko sisi wote. Kila Ijumaa tuliosha raba zetu nyeupe kwa sabuni ya unga na brashi, tukaziegemeza kwenye mabati yale ya moto zikauke kabla jua halijazama. Vyakula vya kesho vilipikwa, maji yalijazwa, kuni zilipasuliwa. Jua likishagusa miti, waya anasimama mlangoni na kutangaza kwamba Sabato imefika, "Sabato osechopo!" Hapo kilicho mkononi kinawekwa chini, na kilicho chini hakiokotwi mpaka jua la Jumamosi lizame. Niliwahi kuacha kitufe cha shati kikining'inia kwa uzi siku nzima kanisani kwa sababu sindano ilikuwa imechelewa.

Mwezi wa Agosti, watu wa Homa Bay walituma neno kwamba wana mtu asiyeshindika, wakauliza kama Migori kuna mtu. Mama Risper akajibu kwamba Migori kuna mkono. Ikapangwa Jumapili, kwao, mchana. Alhamisi jioni Abdalla akaniita barazani. Alikuwa anakwenda Isebania kutafuta betri na mikanda ya saa, arudi Jumapili asubuhi twende moja kwa moja. "Ijumaa wale wa Masara watajaa hapa, na wewe wajua mikono yao," akasema. "Mti usibaki mle chumbani. Uchukue kwenu, uufute kesho, uulaze. Nakupa amana." Akanipa bomba kwa mikono miwili. Nikalipokea kwa mikono miwili.

Ijumaa mchana nilikula kwenye kibanda kilichopakana nasi, kipande cha mbuta kilichokaangwa na ugali, na nikala kama tunavyokula, kwa vidole vyote. Nikanawa kwa maji tu. Niliporudi, chumba kilikuwa kitupu, na lile bomba lilikuwa chini ya kaunta likinitazama. Shetani gani sijui. Nikatoa mti, nikauunga kwenye kipande chake kinene, nikacheza. Nikacheza vizuri, hata nikasahau. Nilipokuja kuutazama, mafuta ya samaki na chaki vilikuwa vimekutana juu ya mti ule mweupe na kutengeneza alama za vidole vyangu, bluu na nyeusi, moja moja, kama za mtu aliyechukuliwa alama polisi. Nikafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, zikakataa kutoka. Nikafuta tena. Kisha nikaubeba nyumbani, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, na kwa kuwa beseni la raba lilikuwa limeshajaa povu la sabuni pale uani, nikautumbukiza. Nikausugua kwa brashi ya viatu. Alama zikatoka zote, nikafurahi kama mjinga. Kisha, bila hata kufikiri, nikafanya kile ambacho kila mtoto wa Msabato hufanya akimaliza kuosha kitu Ijumaa. Nikauegemeza kwenye mabati, kati ya raba yangu ya kushoto na raba ya waya.

Nilikumbuka jua likiwa limeshagusa miti. Nilikuwa na mguu mmoja nje ya mlango waya aliponishika shati. "Wapi? Sabato osechopo." Nikamwambia kuna kitu cha mtu pale nje, nakiingiza tu. Akachungulia, akaona ni nini. "Hiyo fimbo ya mchezo? Nyathina, mwanangu, hiyo itakaa hapo hapo. Mungu hajakuja kwa nyumba yangu kukutana na fimbo ya pool." Usiku wote umande uliuangukia. Na Jumamosi, oh, Jumamosi lilikuwa jua lile la ziwani lisilo na huruma. Tulirudi kutoka kanisani, tukala maharage ya jana na viazi vya jana, na kutoka kwenye kiti changu niliuona kupitia dirishani, umesimama peke yake, maana raba zilikuwa miguuni mwetu. Mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Ningeweza kutoka. Ningesema naenda chooni, nikaupitia. Leo namcheka waya, lakini aliyenizuia hakuwa waya bali woga wa kuonekana mbaya. Sikutaka macho ya waya Jumamosi, na sikutaka macho ya Abdalla Jumapili, nikajiambia mti ni mti tu.

Jua lilipozama niliuokota. Ulikuwa mkavu, msafi kuliko nilivyowahi kuuona. Nilijua namna ya kuupima. Abdalla alikuwa amenionyesha: unauviringisha juu ya meza, ukienda kimya umenyooka, ukirukaruka umepinda. Meza ya waya ilikuwa pale pale, tena tupu. Nikautia mti kwenye bomba, nikaziba kwa gunzi.

Jumapili asubuhi Abdalla alinikuta mlangoni mwa Mama Risper, vumbi la Isebania bado liko kwenye kofia yake.

"Uliukamulia kitambaa?"

"Nilikamua."

"Uliulaza?"

"Niliulaza," nikasema, na mdomo haukutetemeka hata kidogo.

Akaliweka bomba kwapani bila kulifungua. Yeye alikuwa na neno lake, kwamba ukimpa mtu amana kisha ukaikagua mbele yake, umemwita mwizi. Njia nzima nilimwomba Mungu amfanye anione mwizi.

Chumba cha Homa Bay kilikuwa kikubwa kuliko chetu, madirisha yake yanatazama ziwa, fimbo za nyumba zimepangwa ukutani kumi au zaidi, chagua utakayo. Mtu wao alikuwa mwalimu mmoja mrefu asiyecheka. Abdalla alipouvuta mti kutoka kwenye bomba alisema kwa sauti, "Mashallah, Owuor, umeung'arisha!" na Mama Risper akanipiga bega kunipongeza. Shuti la kwanza lilikosa kwa upana wa ukucha. La pili vile vile, upande ule ule. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwake na niliuona mti ukipanda kidogo juu ya vidole vyake kila anapousukuma, unapofika katikati. Yeye hakuutazama mti. Alitazama mkono. Aliukunja, akaukunjua, akaupangusa kwenye suruali. Bado alikuwa na nafasi, mchezo ulikuwa haujafika nusu. Kisha akageuka kwangu, kwangu mimi kati ya watu wote waliokuwemo mle, akauliza polepole, "Owuor, waonaje?"

Maneno yalikuwa matatu tu, badili fimbo, bwana. Zilikuwa pale ukutani, hatua nne kutoka kwangu. Lakini Mama Risper alikuwa amenishika bega bado.

"Tuliza mkono," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akashukuru. Ile nyeusi ya mwisho ilikuwa imekaa mdomoni mwa shimo, mpira ambao hata waya angeutia. Akaukosa. Watu wa Homa Bay wakapiga makofi juu ya meza. Abdalla alinyoosha mkono wake wa kulia mbele ya uso, vidole vimetanuka, akaukazia macho, na mkono wowote ukikaziwa macho namna ile hutikisika. Wake ukatikisika. "Umeona?" akaniambia. "Umenikataa." Nikasema ni siku mbaya tu. Pole nilisema nyingi siku hiyo, zote za bure.

Jumatatu nilimtazama kutoka mlangoni mwetu akijaribu kurudisha skrubu kwenye saa ya karani mmoja. Alijaribu, akapumzika, akajaribu. Jumatano alimrudishia mwenyewe saa yake ikiwa imefunguliwa, akamwomba radhi. Kabla mwezi haujaisha sanduku la kioo lilikuwa limeondoka barazani, na yeye akahamia Homa Bay, kwa jamaa waliokuwa na duka, akauza ndara na leso. Huko ndiko alikomwoa Rukia. Nilikuwa nikimtembelea, nakula kwake, nachezesha binti yake. Kwa miaka tisa sikumwona akishika kibano. Saa ya ukutani ya Rukia ilisimama saa tatu na robo na ikaachwa hapo, fundi wa saa akiwa anakula chini yake, nami nakula naye, nasifu samaki. Nilikuwa nikijiambia amezoea. Biashara ya ndara si mbaya. Mtu akitaka kulala vizuri hakosi mto wa kuwekea kichwa.

Halafu, katika mwaka wa kumi hivi, nilikuta ile saa inatembea, na juu ya meza kuna kioo chake cheusi cha jicho. Nilitaka kushangilia. Yeye akanitangulia, anacheka, kanishika mkono hataki kuuachia: "Owuor, uliulaza?" Nikacheka nami. "Niliulaza, bwana." Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yake. Nikifika mlangoni, uliulaza? Akinipigia simu Idi, uliulaza? Hata hospitalini, sauti imebaki uzi, nilimsogezea sikio naye akauliza. Nami kila mara, karibu miaka ishirini, niliulaza, niliulaza. Nilijifanya naamini ni utani wa vijana wa zamani.

Jumapili ile aliyoniitia, basi, nilikaa sebuleni kwa Rukia, binti yake akatuletea samaki wa nazi, akaketi nasi. Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga. Rukia hakungoja nimalize. Alifuta mikono, akanitazama sawasawa, mwanamke mpole ambaye sikuwahi kumwona na macho yale. "Neno lenyewe ni hili. Amesema nikuulize, uliulaza?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema lile la siku zote. Mazoea ni kitu kibaya. Ulimi ulikuwa unajiendea wenyewe.

"Sikuulaza, shemeji," nikasema. "Niliuegemeza kwa mabati."

Rukia akavuta pumzi. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na lile bomba, limezibwa kwa gunzi jipya upande mmoja. "Alisema ukijibu hivyo nikupe. Ukisema uliulaza, nikupe chai, nikusindikize, na hili libaki ndani." Akaniambia jinsi waya, Mungu amrehemu, alivyokuja Homa Bay mwaka ule wa kumi kwa makambi ya kanisa, akaingia dukani kutafuta ndara, akamtambua Abdalla na kuangua kicheko: si wewe ndiye mwenye ile fimbo ilinikalia kwa ukuta Sabato mzima, kwa jua? Abdalla alimfungia ndara zake, akaagana naye vizuri. Kisha akapanda juu ya kiti, akashusha saa ya ukutani, na kabla ya alasiri ilikuwa inatembea. "Miaka tisa, shemeji," akasema Rukia. "Nilikasirika kuliko yeye. Nilimwambia avunje urafiki nawe. Akasema hapana, nitamwuliza tu, iko siku atachoka."

Sikuchoka. Alichoka yeye, akafa.

Nilitoa ule mti. Ulikuwa mweupe, safi, hauna hata nukta ya chaki. Rukia alisogeza sahani bila kuambiwa. Nikauviringisha juu ya meza, nao ukaenda ukirukaruka, tak, tak, tak, mpaka kwa binti, akausimamisha kwa kidole.

"Aliufuta kila Ijumaa," akasema binti. "Nilimwuliza mbona unafuta kitu kilichopinda. Akasema amana ni amana."

Nikaomba kitambaa na maji. Binti akaniletea kwenye bakuli. Nikakichovya, nikakikamua, nikakikamua tena, vidole vyangu vya uzee vinauma, mpaka kikakataa.